Majina ya Bastola na Historia Yake: Kutoka 'Gumegume' hadi 'Ceska'

1. Utangulizi

Kitongoji cha Kiembeni, kilichoko Kisauni katika bara ya kaskazini ya Mombasa, kina jina ambalo umbo lake halimsumbui mwanaisimu: ni neno kiembe, yaani mwembe mdogo, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Majina mengi ya pwani yameundwa kwa njia hiyo. Kilichoonekana na watu ndicho kilichotajwa, na mti ungekatwa jina lingebaki.

Msemaji wa Kiembeni asomapo gazeti la Kiswahili la Kenya, hukutana mara kwa mara na jina la namna nyingine: 'bastola aina ya Ceska'. Jina hili halimwelezi jinsi silaha ilivyo, wala jinsi inavyofanya kazi. Aidha, halilingani na jina ambalo kiwanda chenyewe kimeipa silaha hiyo. Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi majina ya bastola yanavyobadilika katika historia ya kiwanda kimoja, jinsi Kiswahili kinavyoyapokea, na kwa nini tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili inastahili kuangaliwa na watunga kamusi na wafasiri wa mahakamani.

2. Majina yaliyofuata mtambo

Neno bunduki limetokana na Kiarabu. Kuhusu asili yake huko mbali zaidi, wataalamu wametoa maelezo mawili: wengine hulihusisha na neno lenye maana ya kokwa au tufe dogo la kurushwa, na wengine na jina ambalo Waarabu waliuita mji wa Venice. Neno bastola, kwa upande wake, ni la jamii moja na pistola ya lugha za Ulaya.

Wenyeji wa pwani walipohitaji kutofautisha bunduki moja na nyingine, walitazama jinsi moto unavyoifikia baruti. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki ilipasuliwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya mlipuko, mtindo uliotokea Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19. Hatimaye, katika nusu ya pili ya karne hiyo, ikaja bunduki ya viasi, ambayo risasi na baruti yake zimefungwa pamoja na kutiwa kwa nyuma.

Yafaa izingatiwe kwamba majina haya manne, yakipangwa kwa taratibu, ni historia fupi ya silaha za moto. Hakuna hata moja linalotaja kiwanda, mwaka wala nchi. Mtu ambaye hakuwahi kuiona gumegume aweza kukisia, kwa jina lake tu, jinsi ilivyofanya kazi.

3. Majina yaliyofuata mwaka

Viwanda vilifuata mkabala mwingine. Kwa kuwa bastola zote za kiwanda hufanya kazi kwa njia zinazokaribiana, mtambo haukutosha kuzitofautisha, ikalazimu kuhesabu. Jeshi la Uingereza lilihesabu matoleo: bastola ya Webley ilianza na alama ya kwanza mwaka 1887, ikafikia alama ya sita mwaka 1915. Jina likawa lilelile, nambari ndiyo iliyosonga mbele.

Wacheki walihesabu miaka. Kampuni ya Česká zbrojovka, iliyokuwa na kiwanda chake Strakonice, ilifuata desturi ya nchi yake ya kutanguliza ufupisho wa neno lenye maana ya 'kielelezo', kisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Ndivyo zilivyopatikana bastola za 24, 27, 38, 50 na 52. Mpango huo ni mwepesi kufahamika, lakini historia haikuuacha salama.

Badiliko la kwanza lilitokana na siasa. Ujerumani ilipoikalia nchi hiyo mwaka 1939, bastola ya 27 iliendelea kutengenezwa, ila maandishi yake yakageuzwa kuwa ya Kijerumani, na baadaye jina la kiwanda likaondolewa kabisa na mahali pake pakatiwa herufi tatu za siri, 'fnh'. Vita vilipokwisha, Kicheki kilirudi juu ya chuma, safari hii pamoja na maneno yaliyoonyesha kuwa kiwanda ni mali ya taifa. Silaha ni ile ile; maandishi yake yanasimulia tawala tatu.

Badiliko la pili lilitokana na soko. Bastola ya jeshi iliyoitwa 82 iliuzwa kwa raia na kwa nchi za nje kwa jina la CZ 83. Hapa tarakimu mbili tofauti zinataja kitu ambacho kwa umbo ni kimoja, na anayedhani kwamba kila jina lina silaha yake atahesabu mbili palipo na moja.

Badiliko la tatu lilitokana na sifa ya bidhaa. Bastola ya CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, na kutengenezwa Uherský Brod, ilipata sifa kubwa mno hata kiwanda hakikutaka kuliacha jina lake. Badala ya kubadili mwaka, kiliongeza herufi: CZ 75 B ni ile yenye kizuizi cha ndani kinachoizuia isifyatuke inapoanguka. Hivyo tarakimu 75 ikaacha kuwa tarehe, ikawa jina la ukoo. Baada ya mwaka 2000 zikaja P-01, P-07 na P-10. Ya kwanza bado inatunza kumbukumbu ya mwaka 2001. Ya mwisho haikutokea mwaka 2010. Ufunguo uliokuwa ukifungua majina yote tangu miaka ya 1920 haufungui tena.

4. 'Ceska' katika Kiswahili cha Kenya

Neno Česká si jina la mtu wala la mji. Ni kivumishi cha Kicheki chenye maana ya 'ya Kicheki', na nomino inayokifuata ndiyo yenye maana ya kiwanda cha silaha. Kiswahili cha Kenya kimeiacha nomino na kukichukua kivumishi. Kimeacha vilevile alama iliyo juu ya herufi ya kwanza, ambayo humwonyesha msomaji kwamba sauti yake ni ile tuiandikayo ch. Kwa kufuata tahajia ya Kiswahili Sanifu, neno lingeandikwa Cheska.

Njia hii si ngeni. Kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani kuanzia miaka ya 1830 kiliitwa merikani. Biashara hiyo ilidhoofika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na vitambaa vya namna hiyo vikaja kuletwa kutoka India. Hata hivyo jina halikubadilika. Merikani ilikwisha kuwa aina ya nguo, si nchi ilikotoka. Ceska nayo imepita njia hiyo: jina la nchi limekuwa jina la bidhaa, na ndani yake CZ 75, CZ 75 B na P-07 zote zimemezwa.

Kinyume chake pia hutokea. Magazeti hutaja 'Jericho' kama aina nyingine mbali na Ceska. Jericho 941, iliyotolewa Israeli mwaka 1990, ilijengwa juu ya muundo wa CZ 75 kupitia kwa kiwanda cha Tanfoglio cha Italia. Basi lugha imeunganisha zinazotofautiana na kutenganisha zilizo na asili moja.

5. Athari zake

Jambo hili si la udadisi tu. Katika mahakama kama ile ya Shanzu, isiyo mbali na Kiembeni, hati ya mashtaka huandikwa kwa Kiingereza, na mshtakiwa husomewa kwa Kiswahili. Silaha hutajwa kwa kiwanda, toleo na nambari iliyochongwa mwilini mwake. Shahidi asemapo 'niliona Ceska', huenda ana maana ya bastola yoyote nyeusi ya kisasa. Karani akiyafasiri maneno hayo kama kwamba shahidi ametambua kiwanda, ushahidi unapata uzito ambao msemaji hakuutia, na uhuru wa mtu waweza kupotea kwa neno moja.

Mtunga kamusi naye yampasa kuamua. Akiiingiza Ceska kama 'aina ya bastola', atakuwa ameeleza sawasawa matumizi ya wasemaji, bali ameficha asili ya neno. Akiiacha, atakuwa ameliacha neno ambalo magazeti yamelizoeza. Lililo bora ni kuliingiza kwa maana zake mbili: ile ya kiwanda na ile ya mazoea.

6. Hitimisho

Majina ya pwani yalifuata jicho la mtumiaji, na majina ya kiwanda yalifuata daftari la mtengenezaji. Yote mawili yana historia ndani yake, lakini si historia moja. Gumegume humwambia msikilizaji jinsi silaha inavyowaka. CZ 75 humwambia ilipoanza. Ceska haimwambii lolote kati ya hayo mpaka neno lenyewe lichunguzwe. Kazi ya kulichunguza ni ya wanaisimu, na haifai kuachiwa mahakama.