Homa ya Bonde la Ufa na Mabadiliko ya Tabianchi

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ambao huwashambulia hasa kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na kupitia kwao huwafikia binadamu. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1931 katika uchunguzi wa vifo vya kondoo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, na mwaka 2000 vilionekana kwa mara ya kwanza nje ya Afrika, katika Saudi Arabia na Yemen.

Ugonjwa ukiingia kundini, mifugo wenye mimba huzitupa kwa wingi na wadogo hufa upesi. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, lakini mara nyingi zaidi kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja au kuzalisha. Wengi hupata homa na kupona, ingawa wachache huvimba ubongo, hupofuka au huvuja damu hadi kufa.

Uhusiano wa ugonjwa huu na tabianchi unatokana na maisha ya mbu wa jenasi ya Aedes, ambao hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde madogo yanayotuamisha maji. Mbu jike aliyeambukizwa huvirithisha virusi kwenye mayai yake, na mayai hayo huweza kukaa miaka kadhaa katika udongo mkavu bila kufa. Mvua kubwa ikifurika mabondeni, mayai huanguliwa kwa pamoja na mbu wapya huwauma mifugo, kisha mbu wa jenasi ya Culex, wanaozaliana maji yanapoendelea kutuama, hueneza virusi mbali zaidi.

Mafuriko ya namna hiyo huandamana na El Nino, yaani ongezeko la joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, hasa magharibi mwa Bahari ya Hindi nako kunapopata joto. Mvua za mwaka 1997 na 1998 zilileta mlipuko uliokadiriwa kuambukiza watu 27,500 katika wilaya ya Garissa nchini Kenya pekee. Mwaka 2006 wanasayansi waliofuatilia joto la bahari na uoto kwa setilaiti walitoa tahadhari wiki 2 hadi 6 kabla ya ugonjwa kuzuka, lakini hatua za kinga zilichelewa, na mlipuko ulipofika Tanzania mwaka 2007 watu 264 waliripotiwa kuugua, 109 kati yao wakafariki.

Ongezeko la joto duniani linatarajiwa kuzidisha mvua kubwa katika Afrika Mashariki, na joto lenyewe hufupisha muda ambao virusi huhitaji kukomaa mwilini mwa mbu kabla ya kuambukizwa kwa mwingine. Chanjo ya mifugo ndiyo kinga kuu, lakini hufaa ikitolewa kabla ya mlipuko, kwa kuwa mlipuko ukishaanza, sindano inayotumiwa kwa wanyama wengi huweza kuhamisha virusi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Kwa sababu hiyo, tahadhari ya mvua kubwa inapotolewa, idara za mifugo na za afya hazina budi kuanza kazi mara moja, bila kusubiri mnyama wa kwanza atupe mimba.