Kijiko cha Oldonyo Sambu

Barabara itokayo Arusha kwenda Namanga, ikisha kuyaacha nyuma mashamba ya kahawa na migomba ya Ngaramtoni, huupanda polepole ubavu wa magharibi wa Mlima Meru hata ikafika mahali ambapo ukijani wa mlima hukatika ghafula na nyika ya Kimasai ikaanza; na hapo, penye upepo na vumbi, ndipo penye Oldonyo Sambu, jina ambalo kwa Kimaa maana yake ni mlima wa rangi mchanganyiko, neno sambu likiwa lile lile wasemalo wafugaji kwa ng'ombe mwenye mabaka. Nilikwenda mnada wa huko kwa ajili ya mbuzi, nikarudi na habari ya kijiko.

Ajuza mmoja, ambaye jirani zake wote humwita Koko, yaani bibi, alinikaribisha chai ya maziwa, na katika kopo la sukari alilolisogeza mbele yangu kulikuwa na kijiko kirefu, kizito kupita kiasi cha ukubwa wake, cheusi katika mifereji ya nakshi na cheupe pale kilipokwisha kulika kwa kuchota. Nilikigeuza. Mgongoni mwa mpini kulikuwa na nusu mwezi, kando yake taji, na baada yake namba 800. Na upande wa mbele, zikiwa zimesokotana kama mizabibu, herufi mbili ambazo miaka imekaribia kuzifuta.

"Hicho ni cha Kaburu, mwanangu," alisema. "Mama mkwe alipewa siku yule Kaburu alipohama. Mshahara wa mwezi ule haukutoka, kikatoka kijiko."

Sikumpinga, kwa maana mgeni hapingi kikombe cha chai kikiwa mkononi. Ila kijiko chenyewe kilikuwa na shahada nyingine. Nusu mwezi na taji ni muhuri wa dola ya Ujerumani, ulioamriwa kwa sheria ya 1884 na kuanza kupigwa 1888, na namba 800 hutaja sehemu za fedha halisi katika sehemu 1000 za madini. Waingereza wana alama zao: simba atembeaye kwa fedha ya sehemu 925, kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham, na herufi ya mwaka, hata mjuzi humaliza kusoma mgongo wa uma kama asomavyo cheti cha kuzaliwa. (Herufi EPNS, ambazo nimewaona watu wazima wa mjini Arusha wakizionyesha kwa fahari, hazisemi fedha hata kidogo, husema madini mengine yaliyopakwa utando wa fedha.) Basi kijiko cha Koko kilifuliwa kwa Wajerumani, na huyo Kaburu, kama habari ya mama mkwe ni sahihi, alikuwa mwenyewe wa pili au wa tatu. Kilipitaje kutoka meza moja hadi nyingine? Sithubutu kuapa, lakini historia ya mlima huu inaonyesha njia iliyo wazi, nayo ni njia ya mnada.

Neno mnada lilitufikia kwa bahari. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni mwito, na ndugu zake ni kunadi na munadi. Na kabla halijapanda bara kuja kutumika kwa mbuzi na ng'ombe, lilikuwa neno la forodhani na la vichochoro vya Unguja, ambako dalali hakuhitaji meza wala nyundo: alishika bidhaa mkononi, akapita nayo katikati ya watu akiitaja bei ya mwisho aliyopewa, na kila mwenye kuitamani akamzidishia, hata sauti zikanyamaza na mwenye neno la mwisho akawa ndiye mwenye mali. Tarika hiyo ingali hai Nizwa, nchini Omani, ambako kila Ijumaa asubuhi mbuzi huzungushwa katika duara na wanunuzi hupaza bei wakipitiwa. Ndiyo sauti iliyowanadi wanadamu Mkunazini, Unguja, mpaka mkataba wa Juni 1873 ulipolifunga soko lile, na ndiyo sauti iliyonadi mirashi, vyetezo na majambia ya fedha kila ilipoanguka nyumba ya mtu mkubwa. Na fedha ya vyombo hivyo mara nyingi ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wengi kabla ya kuwa chombo, maana sonara aliipata kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu ya Austria ambayo hata baada ya malkia yule kufariki iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka ule ule mmoja, 1780.

Huku Meru kunadi vyombo vya mezani kulikuja na vita. Wajerumani walikuwa wamejenga boma lao Arusha 1900, kisha wakaugawa mguu wa mlima kwa walowezi, hata Waarusha na Wameru wakajikuta wamezungukwa na mashamba ya wageni kama kidole ndani ya pete. Na miongoni mwa walowezi hao walikuwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902, ambao walipewa ardhi katika pande hizi za kaskazini, wakavu kwa mali lakini hodari wa magari ya ng'ombe. Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Arusha. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawapa washindi ruhusa ya kuuza mali za raia wa Ujerumani. Na katika miaka iliyofuata mashamba ya Wajerumani wa Tanganyika, pamoja na nyumba na vilivyomo, yalinadiwa kuwa mali ya adui. Wagiriki walinunua, Wahindi walinunua, Waingereza walinunua. Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurejea, wengine wakaja wakanunua upya kile ambacho baba zao walikuwa wamenyang'anywa. Na Septemba 1939, vita vya pili vilipotangazwa, walikamatwa tena, na mali zao zikawekwa tena chini ya mkono wa serikali.

Mtu akiitazama miaka hiyo kwa makini ataona kwamba mkusanyaji wa vyombo vya kale katika nchi yetu hakuzaliwa na utajiri wa walionunua. Alizaliwa na haraka ya waliouza. Fedha nzito ni mzigo mbaya kwa mtu anayeondoka. Hailiwi, haiendeshwi kwa fimbo kama ng'ombe, na katika sanduku hula nafasi ya nguo za watoto. Kwa hiyo hubaki majanini mbele ya baraza ikingoja jirani. Makaburu nao walihama, wengine katika miaka ya 1950 na wengine baada ya Uhuru, nao bila shaka waliacha majanini kile walichokuwa wamekiokota majanini.

Lakini kuna kuhama kusiko na mnada, na hapa moyo wangu hauna utulivu. Novemba 1951, upande wa pili wa mlima huu huu, serikali iliwafukuza Wameru wa Engare Nanyuki, karibu watu 3,000, ili ardhi yao iwe malisho ya walowezi. Nyumba zao zilichomwa moto, na mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, alisafiri hata New York kuyashtaki mambo hayo mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Vibuyu vya maziwa, vigoda vya wazee, pembe za asali, vyote vilivyokuwamo katika nyumba zile havikunadiwa, havikuandikwa katika daftari, wala hakuna kabati la kioo popote vilipohifadhiwa. Atembeleaye nyumba za mnada za London, ambako Sotheby's imekuwapo tangu 1744 na Christie's tangu 1766, huona kumbukumbu za waliopata muda wa kuuza.

Vyetu vilivyosalimika navyo vimekuwa vikienda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ililinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, pia milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, visisafirishwe nje bila kibali, na nadhani kutajwa kwa milango peke yake kunatosha kueleza ni mingapi iliyokuwa imekwisha kung'olewa. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, yenye tembo mbele ya mlima, hununuliwa leo ng'ambo kwa bei ambayo askari aliyelipwa kwayo asingeiota. Hata picha ambazo Edward Saidi Tingatinga alizichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, akiziuza kwa shilingi chache pale Oyster Bay, Dar es Salaam, mpaka alipouawa kwa risasi ya polisi 1972, zimekuwa tunu za watu wa mbali. Ni afadhali kidogo kwamba tangu Novemba 2013 pana mnada wa sanaa Nairobi, mwendo wa saa chache tu kutoka Namanga, ambapo Mwafrika Mashariki aweza kuinua mkono wake mwenyewe.

Na mnada wa Oldonyo Sambu, wenye jina lakini usio na munadi? Hakuna apazaye sauti. Muuzaji na mnunuzi husimama bega kwa bega wakimtazama mnyama badala ya kutazamana, dalali kati yao na fimbo yake, bei ikinong'onwa. Koko aliyajua hayo kuliko mimi. Kwa hiyo nilipomweleza kwamba kijiko chake ni fedha ya kweli, na kwamba wako watu wangekinunua, hakuuliza bei kwanza. Alikichukua, akakifuta sukari kwa upindo wa shuka, akakipeleka mlangoni penye mwanga na kuutazama mgongo wake kwa muda mrefu, kama amtazamavyo ndama aliyeingia zizini na mifugo yake bila kujulikana atokako.

"Hii ni chapa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni chapa.

"Na mwenye chapa yuko wapi?"

Nikamwambia alikwenda zake, zamani sana. Akakirudisha katika kopo, akanisogezea, akaniuliza kama chai yangu imekolea.