Mwanasheria wa Kuazimwa: Historia ya Huduma na ya Jina Lake

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua watafsiri na makarani wa utumishi ni ile ya mtumishi anayetolewa na mwajiri wake kwenda kufanya kazi kwa mwajiri mwingine kwa muda maalumu, huku akiwa na haki ya kurejea alikotoka. Barua za ofisini huipa hali hiyo majina mengi: kuazimwa, kushikizwa, kuhamishwa kwa muda. Katika makala hii tunakusudia kuichunguza historia ya dhana hiyo kwa upande wa wanasheria. Tumewachagua wao kwa sababu wameionja kwa namna mbili: wameazimwa wao wenyewe, na wametakiwa kuamua maana ya kuazimwa kwa wengine. Katika historia hiyo yote swali linalorudi ni moja: aliyeazimwa ni mtu wa nani? Istilahi isiyosaidia kulijibu swali hilo, kwa maoni yetu, ni istilahi pungufu.

Kuazima si kukopa

Kiswahili kina akiba nzuri hapa. Mtu hukopa fedha, mchele au mafuta ya taa. Huvitumia vikaisha, kisha hurudisha vingine vya kiasi kile kile. Bali jembe, sufuria au kanzu huazimwa, kwa kuwa kitakachorudi ni kile kile kilichotoka. Wanasheria wa Roma ya kale waliitenga mikataba hiyo miwili, wakaipa kila mmoja jina lake na kanuni zake. Wasemaji wa lugha yetu wameitenga pia bila kuingia darasa la sheria. Methali ni shahidi. "Kukopa harusi, kulipa matanga" yahusu deni. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo" yahusu kitu ambacho mwenyewe aweza kukidai wakati wo wote.

Basi mtumishi huazimwa, hakopwi. Anayengojewa arudi ni yeye mwenyewe, si mwingine wa cheo chake. Katika jambo hili neno letu lina nuru kuliko lile la Kiingereza, ambalo lilitoka jeshini na ambalo asili yake ni msemo wa Kifaransa uliomtaja afisa wa nafasi ya pili. Waingereza walilitumia kwa afisa aliyeondolewa kwa muda katika kikosi chake apewe kazi nyingine. Ndani ya neno hilo hamna habari ya kurudi. Habari hiyo iliongezwa na desturi.

Hata hivyo neno letu lina kasoro yake. Kitenzi azima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Tukisema "nimemwazima Juma jembe", tumetoa; tukisema "nimeazima jembe kwa Juma", tumepokea. Kwa jembe, maelezo ya pembeni hutosha. Lakini barua ikisema "Wizara imeazima wakili", msomaji hajui kama Wizara imempata wakili au imempungukia. Utata huo wa maneno unafanana sana na utata wa kisheria uliowashughulisha majaji kwa miaka mingi.

Mahakama zatoa fasili

Shauri linalotajwa mara nyingi halikumhusu mwanasheria. Lilimhusu dereva wa winchi. Mamlaka ya bandari ya Mersey, mjini Liverpool, ilikodisha winchi pamoja na dereva wake kwa kampuni ya makuli. Mkataba ulisema kwamba dereva atahesabiwa kuwa mtumishi wa kampuni hiyo. Akiwa kazini, dereva huyo alimjeruhi mtu kwa uzembe. Nani alipe? Mwaka 1946 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba mamlaka ya bandari ndiyo yenye kuwajibika. Kampuni iliweza kumwambia dereva mzigo upi auinue, lakini haikuwa na uwezo wa kumwambia namna ya kuiendesha winchi. Malodi waliongeza kwamba mwajiri wa asili ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba mamlaka juu ya mtumishi yamehamia kwingine, na mzigo huo ni mzito. Ni dhahiri kwamba jina lililoandikwa katika mkataba halikutosha kubadili ukweli wa nani anamwongoza nani.

Mwaka 1964 Mahakama ya Utawala ya Umoja wa Mataifa ilitoa fasili iliyo karibu zaidi na kazi yetu. Katika hukumu yake Na. 92, shauri la Higgins, ilieleza kwamba aliyeazimwa ni mtumishi aliyepangiwa kazi mbali na asasi yake ya asili, lakini mwenye haki ya kuirejea muda ukiisha, na ambaye hapotezi haki zake za kupandishwa cheo na za mafao ya uzeeni. Aidha hali hiyo huhitaji ridhaa ya watu watatu: anayetoa, anayepokea na mtumishi mwenyewe. Mtunga istilahi akitaka kujua sifa bainifu za dhana hii, zote zimo humo.

Watafsiri watapenda kujua kwamba mmoja wao naye amo katika historia hii. Vladimir Yakimetz, raia wa Urusi ya Kisovyeti, aliajiriwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1977 katika idara ya tafsiri za Kirusi, kwa mkataba uliosema kwamba ameazimwa kutoka serikali yake. Mwaka 1983 aliomba hifadhi Marekani na kujiuzulu utumishi wa serikali hiyo. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Mwaka 1984 mahakama ile ile ilikataa madai yake, na neno kuazimwa ndilo lililomponza: aliyeazimwa hawezi kutegemea kuongezewa muda pasipo ridhaa ya aliyemtoa. Tarehe 27 Mei 1987 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri, haikuitengua hukumu hiyo. Neno moja katika barua ya ajira lilimfungia mtu mlango.

Wanasheria wa kuazimwa katika Tanzania

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanasheria wazalendo walikuwa wachache mno. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka huo huo, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wahitimu wake wa kwanza walitoka mwaka 1964. Katika kipindi hicho nchi ilitegemea wanasheria kutoka nje. Wengine waliteuliwa na serikali yenyewe, kama Roland Brown, Mwingereza aliyekuwa Mwanasheria Mkuu hadi alipofuatwa na Mark Bomani mwaka 1965. Wengine waliazimwa, nao walikuwa na kiti chao kilichowangoja nyumbani.

Mfano mkubwa ni Telford Georges, mzaliwa wa Dominica. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Trinidad na Tobago alipoazimwa kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania mwaka 1965. Alishika wadhifa huo hadi 1971, alipompisha Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kuwa Jaji Mkuu. Katika miaka hiyo sita Katiba ya Muda ya 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967. Jaji aliyelelewa katika mfumo wa vyama vinavyoshindana alikuta nchi iliyochagua njia nyingine. Hakukimbia swali hilo. Hotuba zake zilizochapishwa mwaka 1973 zahusu hasa mahali pa sheria na uamuzi wake katika nchi ya chama kimoja. Hapa methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" yapata maana: anayetoka nje aweza kuuliza lile ambalo mwenyeji amelizoea mno hata halioni.

Lakini mgeni hakosi mipaka yake, na mpaka mkubwa ulikuwa lugha. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliweka mahakama za mwanzo, ambamo mashauri yaliendeshwa kwa Kiswahili. Rufaa ilipanda hadi mahakama ya wilaya, kisha Mahakama Kuu, na huko juu kumbukumbu na hukumu zilikuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo shauri la shamba au la mahari lililoanza katika maneno ya wadaawa wenyewe lilimfikia jaji wa kutoka ng'ambo likiwa limevaa nguo nyingine. Aliyeivisha nguo hiyo alikuwa karani au mkalimani, na haki ya mkulima ilipita mikononi mwake kabla ya kumfikia jaji.

Haishangazi basi kwamba miaka hiyo hiyo ilizaa kazi ya istilahi za sheria. Profesa A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria na yeye pia mgeni, aliongoza ukusanyaji wa istilahi ambazo zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka mmoja kabla, Sheria Na. 27 ya 1967 ilikuwa imeunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Waliokuja kwa muda waliona haraka pengo la maneno, kwa kuwa wao ndio waliotumbukia humo.

Wenye nacho na wasio nacho

Baadaye Arusha yenyewe ikawa mahali pa wanasheria wa mataifa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, ikamaliza kazi mwishoni mwa 2015. Hapa yafaa tuwe waangalifu na maneno. Jaji William Sekule wa Tanzania, aliyekuwa miongoni mwa majaji wake wa kwanza, hakuazimwa. Alichaguliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Wakili wa utetezi hakuazimwa. Aliteuliwa kumtetea mshtakiwa.

Walioazimwa walionekana zaidi katika mahakama dada ya Yugoslavia, mjini The Hague. Mwaka 1994 Marekani iliipa ofisi ya mwendesha mashtaka wanasheria na wapelelezi zaidi ya 20, na mishahara yao ikalipwa na serikali yao. Msaada huo uliiwezesha mahakama changa kuanza kazi. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 100, humkataza mtumishi kupokea maagizo ya serikali yo yote. Na nchi maskini zilinung'unika kwamba nchi tajiri ndizo zenye watu wa kutoa bure, kwa hiyo ndizo zinazojaza ofisi. Tarehe 15 Septemba 1997, kwa azimio Na. 51/243, Baraza Kuu liliwekea mipaka mikali watumishi wa aina hiyo. Swali la dereva wa winchi lilikuwa limerudi: anayelipa mshahara, je, ndiye anayeongoza mkono?

Kwa mwanasheria jambo hili lina uzito wa pekee, maana mali anayofanyia kazi ni siri za watu. Wakili wa serikali aliyeazimwa na shirika huzijua siri za shirika hilo; akirejea ofisini kwake, na shirika likashtakiana na serikali, hana budi kukaa kando. Amerudi yeye, lakini siri hazirudi naye. Jembe halina kumbukumbu, mtu anayo.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kuazimwa litumike pale tu ambapo sifa zote zipo: muda maalumu, haki ya kurejea, kutopotea kwa cheo na mafao, na ridhaa ya pande tatu. Kushikizwa libaki kwa anayewekwa mahali kwa muda bila makubaliano hayo, na kuhamishwa kwa anayekwenda bila haki ya kurudi. Barua inayosema "umehamishiwa" ilhali ikusudiwayo ni kuazimwa yaweza kumnyima mtumishi kiinua mgongo cha miaka mingi.

Pili, pande zitajwe kwa nomino: mwajiri wa asili na mwajiri wa muda. Wapo wanaopenda kitenzi azimisha kwa anayetoa. Hatukipendekezi, kwa sababu wengi hutamka adhimisha kama azimisha, na wizara itaonekana inamfanyia wakili sherehe.

Tatu, kila barua ijibu maswali manne: nani anaongoza kazi, nani analipa mshahara, nani ana mamlaka ya nidhamu, na lini mtumishi arejee.

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, istilahi zetu hazisomwi tena kama tafsiri ya pembeni ya Kiingereza. Hakimu atazisoma kama sheria yenyewe. Kwa hiyo mtafsiri anapochagua kati ya kuazimwa na kuhamishwa, anaamua pia kama mtu atakuwa na mahali pa kurudi.