Chimbuko la Lugha za Kihindi-Kiulaya na Safari za Wasemaji Wake

Karibu nusu ya wanadamu wa leo huzungumza, kama lugha yao ya kwanza, lugha za familia moja ambayo wanaisimu huiita ya Kihindi-Kiulaya, na ndani yake mna Kihindi, Kiajemi, Kirusi, Kigiriki, Kihispania na Kiingereza. Undugu huo ulitangazwa mjini Calcutta mnamo Februari 1786, pale jaji William Jones kutoka Uingereza alipowaeleza wanachama wa Jumuiya ya Asia kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vimekaribiana mno katika mizizi ya vitenzi na katika sarufi, hata isiwezekane kuwa ni bahati tu, na kwamba bila shaka vilichipuka kutoka lugha moja ambayo pengine ilikwisha kutoweka. Wataalamu wa karne ya 19 walithibitisha kuwa sauti za lugha hubadilika kwa kufuata kanuni, hivyo maneno ya kale yanaweza kuundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizo hai, na ni mbinu hiyohiyo ambayo Carl Meinhof aliitumia mwaka 1899 alipoziunda upya sauti za Kibantu cha kale.

Lugha mama hiyo haikuandikwa kamwe, lakini msamiati wake ulibeba ushahidi wa tarehe. Matawi mengi ya familia hii yamerithi majina ya gurudumu, ekseli na nira, na kwa kuwa akiolojia haijaonyesha magari ya magurudumu yaliyotangulia mwaka 3500 K.K. kwa muda mrefu, ni lazima matawi hayo yalikuwa bado pamoja katika zama hizo. Hoja hii iliipa nguvu nadharia ya Marija Gimbutas, mwanaakiolojia mzaliwa wa Lithuania, ambaye tangu mwaka 1956 alishikilia kuwa wasemaji wa kwanza walikuwa wafugaji wa nyika, yaani mbuga pana zisizo na miti, zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, ambako wafu walizikwa chini ya vilima vya udongo vilivyojengwa kwa mikono. Colin Renfrew alimpinga mwaka 1987 kwa kudai kuwa lugha hizo zilienezwa mapema zaidi na wakulima waliotoka Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki.

Mizani iliinamia upande wa Gimbutas mwaka 2015, baada ya vinasaba vya mifupa ya kale kuchunguzwa. Ilibainika kuwa watu waliozikwa Ujerumani baada ya mwaka 3000 K.K., katika utamaduni unaotambuliwa kwa vyungu vilivyopambwa kwa alama za kamba, walipata takriban robo tatu ya nasaba yao kwa Wayamnaya, wafugaji wa nyika waliohamahama kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kundi jingine lenye nasaba hiyo lilifika hadi milima ya Altai, karibu na Mongolia. Karne nyingi baadaye, kusini mwa milima ya Ural, jamii ya Sintashta iliunda magari mepesi ya vita ya kuvutwa na farasi, na wengi huihusisha na mababu wa lugha za Iran na India ya kaskazini.

Hata hivyo mfupa hausemi lugha, na anayesahau jambo hilo anacheza na hatari iliyokwisha kuua mamilioni, kwa maana Wanazi walilichukua jina Arya, ambalo watu wa kale wa India na Iran walijiita wenyewe, wakaligeuza kuwa jina la taifa la damu bora ambalo halijawahi kuwapo. Wahiti wa Anatolia ndio wanaoonyesha vizuri zaidi kwa nini lugha haipimwi kwa damu. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alionyesha kuwa mabamba yao ya udongo yameandikwa kwa lugha ya familia hii, tena tawi lililojitenga mapema kuliko mengine, lenye jina tofauti la gurudumu. Ilhali mifupa ya kale ya Anatolia iliyopimwa haina dalili za kutosha za nasaba ya Wayamnaya. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 unaelekeza kwenye watu walioishi kati ya Kaukazi na Volga ya chini zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, ambao wazao wao waliingia Anatolia wakachanganyika na wenyeji, na damu yao ikapungua kizazi hadi kizazi huku lugha yao ikibaki.