GTO: Gari Lililofufuliwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nataka kukusimulia juu ya kitu kizuri ambacho kilijitembeza vilevile, tena usiku, kwa makelele, na bila haya yoyote. Kitu chenyewe ni gari. Najua wapo watakaoniuliza, "Historia ya gari nayo ni historia?" Naomba wanivumilie.

Nililiona katika barabara ya Woodward, ile itokayo Detroit kuelekea mji wa Pontiac, jimbo la Michigan, siku ya gwaride la magari ya zamani lililoanzishwa mwaka 1995. Lilikuwa Pontiac GTO la mwaka 1965, jekundu, taa zake za mbele zimepandana mbilimbili kila upande, paa lake la turubai limekunjwa nyuma ya viti. Mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti cha kukunja, anakunywa soda. Alipoliwasha, wee! Kifua changu kilitetemeka kama ngoma iliyowambwa upya.

Ukoo wa gari hilo ulianza kwa ujanja. Januari 1963 kampuni ya General Motors ilipiga marufuku matawi yake kushiriki mashindano ya mbio. Tena ilikuwa na sheria ya ndani kwamba magari ya ukubwa wa kati yasitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Kwa tawi la Pontiac, lililokuwa limejijengea jina kwa mbio, hii ilikuwa kama kumkataza mvuvi asiguse maji. Mhandisi wake mkuu, John DeLorean, pamoja na wenzake Bill Collins na Russell Gee, wakapata upenyo. Walichukua gari la kawaida la LeMans wakalitia injini kubwa ya inchi 389, yaani karibu lita 6.4, ya silinda nane. Hawakuliita gari jipya, maana gari jipya lingehitaji kibali cha wakubwa. Waliliita nyongeza tu, ya bei isiyofika dola 300, kama vile mteja anavyoongeza redio. Hata jina hawakulitunga. Walilitwaa kwa Ferrari ya Waitaliano bila kuomba ruhusa.

Wakubwa walikubali kwa shingo upande, wakitarajia yauzwe magari 5,000. Mwaka huo wa kwanza, 1964, yaliuzwa 32,450. Mwaka uliofuata yakawa 75,352, na kati yake 11,311 hayakuwa na paa la chuma. Kampuni nyingine zikafuata mbio, na hapo ndipo zikaja enzi za magari ambayo Wamarekani waliyaita ya misuli.

Kwa nini yalipendwa hivyo? Watoto wengi mno waliozaliwa baada ya vita vya 1945 walikuwa sasa wanapata leseni za udereva, na kazi za viwandani zilikuwa na mshahara wa maana. Kijana alikuwa na pesa mkononi, na petroli ilikuwa rahisi. Usiku wa Jumamosi Woodward ilijaa. Wawili wanasimama kwenye taa nyekundu, wanatazamana, taa inageuka kijani, basi! Mengine ni moshi wa matairi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa hatari, tusidanganyane, na wapo waliokufa.

Lakini lenye mwanzo halikosi mwisho. Makampuni ya bima yaliwapandishia vijana bei hadi bima ikawa mzigo kuliko gari. Mwaka 1970 ikapita sheria ya hewa safi, na kuanzia magari ya 1971 General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini ili zitumie petroli yenye risasi kidogo. Nguvu zikapungua. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba, na foleni za petroli zikamaliza kazi. GTO lisilo na paa lilitengenezwa mara ya mwisho mwaka wa 1971. La aina iliyoitwa The Judge yalitoka 17 tu mwaka huo. Pontiac yenyewe ilizimwa mwaka 2010.

Sasa turudi kwa mzee wangu. Gari alilinunua kwa akiba yake ya uzeeni, likiwa gofu. Kutu ilikuwa imekula sakafu na buti. Ukiinua zulia unaiona ardhi. Alilitenganisha bodi na chesisi, akakata vyuma vilivyooza, akachomelea vipya, akasaga, akapiga rangi. Miaka sita ilikwenda hivyo. Akiwa katikati ya kazi, jamaa mmoja akamwuliza, "Una hakika hili ni GTO kweli?"

Swali hilo, bwana, si mchezo. Kumbuka kwamba GTO lilizaliwa kama nyongeza. Kwa hiyo namba ya chesisi ya mwaka 1965 huanza na 237, sawasawa na LeMans la kawaida. Ni kuanzia 1966 ndipo GTO lilipopewa 242 yake. Mwenye tamaa anaweza kuchukua LeMans, akabandika herufi tatu, akauza kwa bei ya juu. Ule ujanja wa 1963 uliwaachia wajanja wengine mlango wazi. Kinachosema kweli ni kumbukumbu za kiwandani, ambazo nakala zake hupatikana kwa malipo. Mzee aliagiza. Aliniambia kwamba wakati wa kungoja barua ile hakushika spana hata siku moja, na mkewe hakumwuliza kitu.

Barua ikaja. Gari ni GTO kweli. Ila namba ya injini haikulingana: ile iliyotoka nayo kiwandani ilikwisha potea. Angeweza kunyamaza, kwani wapo mafundi wanaosaga namba na kugonga nyingine. Yeye ameandika kikaratasi akakiweka nyuma ya kioo: injini si ya asili. Kwa kikaratasi hicho alijipunguzia bei mwenyewe.

Kisha akafungua boneti akanionyesha kitu kingine. Kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini palikuwa na mikwaruzo ya kalamu ya nta. Wakaguzi wa kiwandani waliweka alama hivyo kuonyesha kazi imekubaliwa. Kabla ya kupiga rangi mzee alizipiga picha, halafu akazichora tena kwa mkono wake, palepale. Nilimwuliza ni za nani. Akacheka: "Nani ajuaye? Mtu wa zamu."

Jibu hilo nimekaa nalo tangu siku ile. Jina la DeLorean lipo vitabuni. Mtu wa zamu, aliyekagua magari siku nzima, ameacha mikwaruzo tu. Wengi katika viwanda vya Michigan walikuwa Weusi waliohama kutoka Kusini, wakapewa kazi nzito na mitaa mibovu. Julai 1967 Detroit iliwaka, watu 43 wakafa. Na magari haya haya yalikuwa yakiendelea kutoka viwandani. Kwenye gwaride hilo hulioni. Rangi inameta mno.

Sisi vijana tunaojaribu kuandika historia tuna kishawishi cha kupiga rangi juu ya kutu. Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo, tena zaidi ya mara moja, na hakuna aliyegundua. Tangu Woodward nimejiwekea sharti moja: ambapo injini si ya asili, niandike kikaratasi. Na mikwaruzo ya mtu wa zamu niichore tena, hata kama jina lake silijui.