Bendi Isiyo ya Mtu Mmoja

Huku Butembo na Beni, kuanzia Rughenda hadi sokoni, ukitaja wapiga gitaa wakubwa, Franco hakosi kutajwa. Anastahili. Lakini anayetaka kujua bendi hudumu vipi aitazame Dar es Salaam kuliko Kinshasa. OK Jazz ya Kinshasa ilizaliwa 1956 na ikaishia kuwa bendi ya Franco; alipofariki Oktoba 1989, wenzake walijikaza miaka michache tu, kisha wakatawanyika. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoundwa 1964 na chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, bado ilikuwa ikipiga dansi zaidi ya nusu karne baadaye, ikiitwa Msondo Ngoma. Naamini siri yake ni kwamba haikuwahi kuwa mali ya mwanamuziki yeyote. Vyombo vilikuwa vya chama, na wapigaji walilipwa mshahara. Chama hicho, NUTA, kilipogeuka JUWATA, kisha OTTU, bendi nayo ilibadili jina ikaendelea na kazi. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo, mmoja wa waimbaji wake wakuu, alihamia bendi ya Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, iliyokuwa ndiyo kwanza inaundwa. Pengo hilo lilizibwa, na ushindani wa Msondo na Sikinde ukawa raha ya mashabiki kwa miaka mingi. Baadaye Gurumo mwenyewe alirudi.

Kuna watakaosema iliyoibeba Msondo ni fedha ya chama, na kwamba bendi ililipa fadhila hiyo kwa nyimbo za kusifu siasa ya Ujamaa. Nyimbo hizo zilikuwepo, sikatai. Lakini bendi nyingi za mashirika ya umma zilikufa wafadhili walipojitoa, ilhali Msondo ilibaki ikitegemea viingilio vya mlangoni. Mshahara wa chama hauelezi miaka hiyo. Mimi naona jibu la miaka hiyo limo ndani ya muziki wenyewe, hasa kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo ambapo ala hutawala. Waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linashika kifungu kifupi na kukirudia, gitaa la rithimu linakijibu kwa kupishana nacho, besi inaacha nafasi, kisha tarumbeta zinaingia. Kwenye santuri chemko lilikatwa dakika zikiisha, lakini ukumbini lilirefushwa kadiri wachezaji walivyokolea. Kila gitaa lina zamu yake, na mgeni anayeingia bendini anaipokea zamu hiyo kwa kuisikiliza usiku baada ya usiku, kabla hajaongeza lake. Ndiyo maana mwimbaji TX Moshi William alipofariki 2006, na Gurumo 2014, majonzi yalikuwa makubwa lakini dansi halikukoma: waliobaki jukwaani walikuwa wameshajifunza kazi pembeni mwao.