Mashabiki Waliookoa Sauti za Doctor Who

Kupenda tamthilia za zamani za televisheni huonekana kuwa burudani tu, lakini historia ya Doctor Who, tamthilia ya kisayansi iliyoanza kurushwa na BBC nchini Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, inaonyesha kuwa mapenzi ya mtazamaji yanaweza kuhifadhi urithi. Kanda za video zilikuwa ghali, na mikataba ya waigizaji ilibana marudio. Hivyo BBC ikafuta kanda nyingi ili izitumie tena. Majumbani, mashabiki walikuwa wakiweka maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kurekodi kipindi chote. Kwa juhudi zao, sauti ya kila kipindi kilichopotea ipo hadi leo.

Yupo atakayesema kuwa picha ziliokolewa na biashara: nakala za filamu ziliuzwa ng'ambo, na vipindi 9 vilivyotangazwa kupatikana mwaka 2013 vilitoka Jos, Nigeria. Ni kweli. Lakini nakala hizo zingeendelea kukaa vumbini kama wasingekuwapo watu waliojua kilichokosekana na kukitafuta bila kuchoka. Watazamaji ndio waliotangulia kuiona thamani ya vipindi hivyo, nao wanastahili heshima ileile tunayowapa watunza nyaraka.